Nabeba mawe kutwa, sasa nilipe tena ili nibebe chuma?

Ukimwambia mchimbaji aliyetoka Misisi apite kwenye salle ya sport, jibu lake munalijua ninyi munaosoma ukurasa huu: « Niko nabeba mawe kutwa, sasa nilipe tena ili nibebe chuma? » Watu wanacheka, maneno yanaishia hapo, na mwenye salle anabaki na vijana wale wale wa avenue yake, ambao nusu yao wanaingia kwa deni.

Sisi tunaona swali hilo si la mzaha. Ni swali la mtu anayejua bei ya mwili wake. Mwenye salle wa Kilibula anayetaka wateja wapya anapaswa kulijibu, tena kwa utulivu, si mlangoni wakati mtu anapita na begi mgongoni. Njia moja ya kulijibu ni podikasti.

Mmoja wetu hapa mezani alikataa. Podikasti, alisema, ni mambo ya Kinshasa na Ulaya, ya watu wenye kukaa ofisini na vinasa-sauti vya bei. Tukamwuliza: zile sauti za dakika tano tano ambazo shemeji yako anakutumia kwenye WhatsApp kila asubuhi, na wewe unazisikiliza ukinyoa ndevu, ni nini? Akanyamaza.

Kweli, podikasti si kitu kikubwa. Ni sauti iliyorekodiwa na kugawanywa katika vipindi. Kila mtu anasikiliza saa anayotaka, anasimamisha, anarudia. Jina lenyewe lilitolewa na mwandishi wa habari Ben Hammersley katika gazeti The Guardian la Uingereza, Februari 2004, akiunganisha jina la iPod, kile chombo cha kusikilizia muziki, na neno la Kiingereza la kutangaza. Radio Okapi, ambayo munaisikia tangu 2002, nayo huweka vipindi vyake kwenye intaneti ili aliyekosa saa avisikilize baadaye. Salle ya mtaani haihitaji antena. Simu moja inatosha, na mtu mwenye kitu cha kusema.

Kitu cha kusema ndicho kigumu.

Mteja hapiti mbele ya ubao

Salle za mtaani munazijua: kiwanja chenye ukuta wa matofali, mabati juu ya nusu yake, ekseli za gari zilizogeuka kuwa vyuma, makopo ya béton huku na huku kwenye bomba, kioo kimoja chenye ufa. Mwenyewe anatundika ubao wa rangi barabarani wenye picha ya mtu wa misuli, kisha anangoja. Ubao unaonwa na mtu anayepita. Mchimbaji hapiti. Yuko juu ya mlima wiki tatu, pengine miezi miwili. Anashuka na pesa, anakaa siku chache, anamaliza mambo ya shule ya watoto na ya mabati, halafu RN5 inamchukua tena kuelekea Baraka, Fizi na Misisi. Kabla jicho lake halijazoea ubao, ameondoka.

Sauti ina faida hiyo: inaondoka naye. Inaingia kwenye simu akiwa bado mjini, inapanda gari pamoja naye, na kule ambako réseau inapotea inaendelea kusema, sababu iko ndani ya carte mémoire. Usiku kwenye camp, watu wamelala ndani ya hema moja, simu moja inasikilizwa na masikio sita. Hakuna ubao wa Kilibula unaoweza kufika pale.

Na kuna jambo zito zaidi ya biashara ya salle. Familia inaogopa shimo kuporomoka, na ina haki ya kuogopa. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua ilibomoa mashimo ya Détroit pale Kamituga ikaua makumi ya watu, na nyumba nyingi bado zinahesabu siku kuanzia hiyo. Lakini nyuma ya kila anayekufa shimoni wako wengi wanaorudi wazima na mgongo umekufa. Hao hawatangazwi. Baba wa miaka 38 anashindwa kuinama kuvaa kiatu, mtoto mkubwa anatoka shuleni kwenda kushika nafasi yake kwenye kamba, na nyumbani wanasema tu « papa ni mugonjwa kidogo ». Mwili wa mchimbaji ndiyo shamba la nyumba yake. Shamba likichoka, watu wanajua wataliacha lipumzike msimu mmoja. Mwili je?

Jibu lenyewe

Turudi kwenye swali. Nabeba mawe kutwa, kwa nini nilipe?

Watafiti wa Denmark, akiwemo Andreas Holtermann, wamelichunguza jambo hili miaka mingi, wakafikia kitu ambacho mwanzoni kinashangaza: nguvu unazotumia kazini hazileti faida ya afya kama nguvu unazotumia kwenye mchezo. Tena kazi nzito ya miaka inaweza kuumiza moyo, wakati sport inausaidia. Maelezo yao ni mepesi kuyaelewa kwa mtu aliyewahi kushika barre à mine. Kwenye sport unajikaza dakika chache, unapumzika, unajikaza tena, unaenda kulala, mwili unajijenga. Kwenye puits unajikaza saa nane ao kumi, mapumziko si yako, ni ya PDG, na kesho ni hivyo hivyo. Moyo unakimbia kutwa na presha inabaki juu. Zaidi ya hapo, kazi inatumia mwili upande mmoja tu: bega lile lile, kiuno kile kile kilichopinda, magoti yale yale. Misuli fulani inakuwa kama kamba ya meli na ile ya karibu yake inalala.

Kwa hiyo mchimbaji hana upungufu wa kubeba. Ana upungufu wa mambo mengine: kunyooka, kupumua kwa utaratibu, kuipa kazi misuli ya tumbo na ya nyuma ya mapaja ambayo ndiyo inapaswa kuulinda mgongo. Salle nzuri inampa hivyo. Salle mbaya inampa chuma kizito zaidi ya kile alichoacha mlimani, na hapo anayesema « kwa nini nilipe » ana haki kabisa.

Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya 2020, linasema mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma, na mazoezi ya nguvu siku mbili ao zaidi. Shirika la Kazi Duniani nalo, tangu 1967, linashauri mwanaume mzima asibebeshwe kwa mkono mzigo unaozidi kilo 55. Tuwasomee wabebaji wa Misisi namba hiyo, watacheka mpaka machozi. Lakini ndiyo namba, na ingefaa kuisikia ndani ya kipindi, kwa sauti ya mtu wa kwetu.

Tumejaribu kuandika kipande cha kipindi cha kwanza, mwenye salle na mgeni wake, ili mwenye kutaka aone kinavyoweza kwenda. Ni mfano tu.

« Jambo mukubwa, karibu hapa kwetu Kilibula.
— Jambo, mdogo wangu.
— Kule juu unafanya kazi gani?
— Nabeba. Mfuko unatoka chini, mimi naupandisha.
— Na bega gani?
— Hili la kuume. Sikuzote ni hili.
— La kushoto je?
— La kushoto linashika kamba.
— Simama kidogo. Wenye kutusikiliza hawaoni, basi tuwaambie: bega la kuume limeshuka. Unalijua hilo?
— Mama watoto alishaniambia. Na fundi cherehani pia, anasema koti linavuta upande.
— Sasa ukija hapa, hatukupi mzigo. Mzigo uko nao tayari. Tutaanza na la kushoto, lijue kazi. Halafu mgongo. Unaweza kulala chali, ukunje magoti, uinue kiuno polepole?
— Hapa chini?
— Hapa hapa kwenye mkeka.
— (kimya) Aa. Inanivuta huku nyuma ya paja.
— Ndiyo huko. Huko ndiko kumelala. »

Hapo kipindi kimeshafanya kazi yake. Anayekisikiliza camp amelala chali, anainua kiuno bila mtu kumwona, anasikia paja linavuta. Hakuna aliyemwambia njoo ununue. Lakini mwili wake umeshaingia salle, na miguu itafuata akishuka.

Si jambo jipya

Anayedhani kwamba mazoezi kwa sauti ni ujanja wa leo, asikie hili. Mwaka 1925 kampuni ya bima ya maisha ya Metropolitan Life, New York, ilianza kutangaza mazoezi ya asubuhi kwa radio. Haikuwa sadaka: mteja wa bima anayeishi miaka mingi analipa miaka mingi. Watu wa bima ya maisha ya posta ya Japani waliliona jambo hilo, wakalipeleka kwao, na tarehe 1 Novemba 1928 yakaanza mazoezi ya radio, piano na sauti ya mtu mmoja inayohesabu. Baada ya vita kuu ya pili yalisimamishwa, yakarudi na muundo mpya 1951. Mpaka leo saa kumi na mbili na nusu za asubuhi radio ya taifa la Japani, NHK, inayapiga, na wajenzi na watu wa viwanda wanajipanga mistari kabla ya kushika vyombo, wananyoosha mikono, wanazungusha kiuno, ndipo wanaanza kazi.

Fikirini kikundi cha puits kinafanya hivyo dakika tano kabla ya kushuka, kwa sauti inayotoka kwenye simu ya mmoja wao, na sauti hiyo inasema mwishoni: « Ni sisi wa Kilibula. » Sisi tungependa kuiona siku hiyo.

Na kwa nini tuende Japani? Hapo ng'ambo tu, Bujumbura, watu walikuwa na desturi ya kukimbia kwa makundi mwisho wa juma, wakiimba. Wimbo ulikuwa tangazo: mtu yuko kitandani anasikia miguu na sauti, anatafuta viatu. Mwaka 2014 serikali ya Burundi iliyawekea makundi hayo mipaka, ikisema wapinzani wanajificha ndani yake. Tunalitaja ili mwenye salle ajue kwamba watu wengi wenye nguvu wakikusanyika asubuhi, wakubwa wanaangalia. Chef wa quartier ajulishwe tangu mwanzo, aalikwe hata kusema neno kwenye kipindi kama anapenda sport. Na maikrofoni isiguse siasa wala kabila. Uvira yetu imeumizwa vya kutosha na midomo. Kwenye puits moja ya Misisi unakuta Mbembe, Mfuliiru, Mshi, Mrega na mtu wa Kasai, na wote mgongo wao unauma mahali pamoja. Kiswahili cha kawaida kinawatosha.

Yale ambayo sauti isiahidi

Hapa tuwe wakali kidogo. Sauti inaaminiwa kuliko ubao. Mtu aliye mbali, akisikia sauti ile ile kila juma, anaanza kuiona kama ya ndugu. Uongo wake basi unaumiza zaidi.

Uongo wa kwanza ni wa kifua. Mchimbaji anakohoa, coach anamwambia « kimbia, utatoa vumbi ». Vumbi la mawe lililokwisha kuingia ndani ya mapafu halitolewi kwa kukimbia. Linaacha makovu, ugonjwa unaitwa silicose, makovu hayaponi, na mwenye nayo anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi ya wengine. Kipindi kinachofaa kinasema hivi: ukikohoa zaidi ya majuma mawili, kabla ya kuja kwetu pita centre de santé wapime makohozi; dawa za kifua kikuu zinatolewa bure. Na kule kazini mwagieni mwamba maji kabla ya kuupiga, sababu vumbi lililolowa haliruki. Salle inayosema hivyo inapoteza mteja wa leo, na inapata nyumba nzima kesho.

Wa pili ni wa vidonge. Wako wanaouza dexaméthasone kwa vijana na mama ili wanenepe haraka, uso ujae, watu waseme ameshiba. Ni dawa ya kweli, ya daktari, kwa magonjwa yake. Ukiitumia ovyo kwa muda mrefu inapandisha presha na sukari, inalegeza mifupa, inapunguza misuli yenyewe ile unayoitafuta, na kuiacha ghafula ni hatari pia. Salle yoyote inayouza vidonge chini ya meza haihitaji podikasti. Inahitaji kufungwa.

Wa tatu ni wa mgongo. Maumivu mengi ya kiuno yanapungua kwa kutembea na kwa mazoezi mepesi. Kulala kitandani juma zima kunayarefusha. Hilo coach aseme bila hofu. Lakini mtu akisema mguu umekufa ganzi na unakosa nguvu, ao hasikii kitu kati ya mapaja, ao mkojo unatoka bila yeye kujua, basi si mambo ya mkeka. Ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Tuongeze la maji. Mji wetu unaijua kolera vizuri mno. Kikombe kimoja kinachopita midomoni mwa watu kumi na tano wenye jasho ni balaa, na salle nyingi ziko nacho. Mwenye salle akinunua bidon yenye robinet, akatia maji yenye dawa, kila mtu na chupa yake, akalitangaza hilo kwenye kipindi, atawavuta mama kuliko picha ya mtu mwenye kifua kikubwa. Tungetaka kuona tangazo moja tu la salle linaloanza na maji.

Kurekodi, kutuma, kuhesabu

Mambo ya vyombo tuyapitie haraka. Simu yoyote ya tactile inarekodi. Tatizo ni kelele: moto za RN5, mabati mvua ikinyesha, kwaya ya jirani, sufuria. Rekodi alfajiri, ndani ya chumba chenye godoro limesimamishwa ukutani na nguo zimetundikwa. Nguo zinameza mwangwi. Simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni, pumzi isiipige. Usisome karatasi. Ukisoma, watu wanasikia kwamba unasoma.

Dakika nane zinatosha. Faili ya MP3 ya kilobiti 64 inakula kama kilobaiti 480 kwa dakika. Dakika nane ni chini ya mega 4. Ukiishusha mpaka 32, ambayo kwa sauti ya kuongea inasikika bila shida, ni chini ya mega 2. Video ya dakika nane ingemaliza mega za mtu za siku nzima, na angeifuta kabla ya kuiangalia ili apate nafasi ya picha za watoto wake.

Kuna kosa moja linaloonekana sana: kutuma kama note vocale. Note vocale haina jina. Baada ya siku tatu imezama kati ya zingine hamsini. Tuma faili yenye jina, « 01 Bega la kuume Kilibula », na hiyo mtu anaweza kuipata kwenye simu na kuipitisha kwa Bluetooth bila réseau. Halafu mujue kwamba WhatsApp inazuia: ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi unaweza kupelekwa kwenye mazungumzo moja tu kwa mara moja. Kila kundi basi litumiwe upya kutoka kwenye faili yenyewe.

Siku ya kutuma nayo ina maana. Huko Ulaya wanapenda Jumatatu asubuhi. Kwetu siku nzuri ni ile ya kuamkia safari, wakati watu wako parking wanangoja gari lijae na bado wana réseau. Na mtu wa kumpatia kwanza ni chauffeur. Chauffeur wa kwenda Fizi ni radio yenye magurudumu. Akipiga kipindi chako ndani ya gari, abiria wote wanakisikia, wapende wasipende, na barabara ile munaijua, dakika nane si kitu. Wenye kujaza muziki kwenye carte mémoire za wateja nao wapatiwe. Waombe waweke faili yako kati ya nyimbo. Muziki wa wasanii usiuweke mwenyewe ndani ya kipindi bila ruhusa yao. Mlio wa vyuma vya salle unatosha kuwa wimbo wa kufungulia, na hakuna atakayekudai.

Utajuaje kama imeleta watu? Mwisho wa kila kipindi toa neno moja. Kipindi cha bega, neno ni « Mitumba ». Kipindi cha kupumua, neno ni « dagaa ». Anayelisema mlangoni anaingia bure mara moja. Mwenye salle ana daftari, anaandika tarehe na neno. Baada ya miezi miwili daftari linamwonyesha kipindi kipi kimeita watu na kipi kimelala, hata kama yeye alikipenda sana. Pengine atagundua kwamba « dagaa » imeletwa na wanawake watupu.

Hao ndio wateja ambao salle zetu hazijawaona. Mama wanaotwanga mawe, twangaises kama wanavyoitwa huko Kamituga, wanainua mchi wa chuma tangu asubuhi. Mabega na shingo vyao vimekwisha kama vya mwanaume yeyote wa shimoni, na hakuna anayewaambia neno. Wengine wako hapa mjini, wanauza dagaa na mihogo, ndoo kichwani. Kwao kipindi kiongozwe na mama, si kijana wa miaka ishirini anayepaza sauti kama yuko kwenye concert. Awepo mama anayeongea jinsi ya kushusha ndoo bila kuvunja kiuno, na awataje kwa heshima, mama Fulani na mama Fulani. Saa zao ziwe zao, mlango uwe wazi upande wa barabara ili pasiwe na maneno, na mtoto awe na mahali pa kukaa. Tena kwenye nyumba nyingi mama ndiye anayeshika pesa inayoshuka kutoka mlimani. Mume akisema « nataka kulipa salle », anayeitikia ao kukataa ni yeye. Akiwa ameshaisikia sauti, ameshajua wanaongea mgongo na maji na kupima makohozi, mjadala unakuwa mfupi.

Pesa yenyewe. Abonnement ya mwezi haimfai mtu anayekaa mjini siku tisa. Akiilipa, anaondoka na majuma matatu yamebaki, akirudi anaambiwa zimekwisha, anakasirika, hatarudi na atasema kwa wengine. Salle inayotaka wachimbaji iuze karata ya kuingia mara kumi, isiyokufa. Aingie mara nne sasa, sita zikae mpaka ashuke tena. Na bei isemwe kwenye kipindi, wazi, kwa franka. Wako wanaoficha bei ili mtu aje kwanza. Mchimbaji ameibiwa mizani na négociant mara nyingi mno. Akisikia bei haitajwi, anaelewa kile anachoelewa.

Anayeanza aanze na vipindi vinne vilivyokamilika kabla ya kutuma cha kwanza. Wengi wanatuma kimoja kwa moto mkubwa, cha pili kinachelewa, cha tatu hakiji, na sauti iliyokatika inaonekana kama salle iliyofungwa. Bega, mgongo, kupumua, kubeba mtoto na ndoo: vinne hivyo vinafika miezi miwili ukitoa kimoja kila majuma mawili. Wakati huo wa kwanza atakuwa ameshashuka.

Huyo aliyesema « Mitumba » mlangoni, siku ya kwanza asipewe chuma chochote. Alale kwenye mkeka, ainue mguu mmoja, kisha mwingine, coach aangalie upande gani unamvuta na aandike kwenye daftari. Ni dakika kumi na tano, na haihitaji courant.